Msako wa vitu vilivyotumika huanzia nyumbani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kabla hujatoka kwenda kuchambua mitumba, zunguka nyumba yako ukiwa na karatasi mkononi. Tazama mlango usio na pa kutundika funguo, kona ya chumba cha kulala inayojaa nguo kila jioni, kiti kinachoyumba ambacho kila mtu amejifunza kukikalia kwa upande. Wengi huitafuta raha ya vitu vilivyotumika katika bahati, kwamba siku moja wataokota kitu adimu kwa bei ya kutupa. Bahati hiyo ipo, ila haina ratiba. Raha ya uhakika ni ya kupata bakuli ambalo mkono wako utalifuata kila siku bila kuuliza, kati ya mabakuli yote yaliyomo kabatini. Mwongozo huu ni wa kutafuta raha hiyo ya pili. Ile ya kwanza ikijileta, ikaribishe.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike vitu

Orodha ya kawaida husema "rafu ya viatu, kapu, taa". Orodha ya namna hiyo inafaa dukani, ambako vitu vyote vipo vimepangwa. Kwenye mitumba hujui leo kumeshuka nini. Ukienda kutafuta rafu ya viatu utarudi mikono mitupu, au vibaya zaidi, utarudi na rafu mbovu kwa kuwa ndiyo pekee uliyoiona.

Andika kazi inayotakiwa kufanyika: "viatu visitapakae mlangoni", "mwanga wa kusomea usiomwamsha aliyelala", "pa kuweka nguo iliyovaliwa mara moja, ambayo si chafu ya kufuliwa wala si safi ya kurudi kabatini". Kazi hiyo ya mwisho inaweza kufanywa na kigoda, kulabu za ukutani, ngazi fupi ya mbao au sanduku la safari lililokosa mwenzake. Ukiwa na kazi kichwani, macho hufunguka. Hapo ndipo watu huona hazina ambazo wengine wamezipita.

Kisha pima. Pima upana wa mlango mwembamba kuliko yote, pembe ya ngazi, na nafasi ambazo ungependa zijazwe: urefu, upana na kina. Vipimo hivyo viwe kwenye simu yako muda wote. Kwa nguo, chukua shati, suruali na gauni vinavyokukaa vizuri zaidi, vitandaze chali mezani, upime mabega, kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno na urefu. Namba za saizi zilizoshonwa kwenye lebo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na nguo nyingi zimeshafuliwa zikarudi. Futi haidanganyi, na itakuokoa siku ambayo hakuna pa kujaribishia.

Hatua ya 2: Vya kubeba

Tepu ya kupimia, tochi ndogo, kitambaa cheupe chenye unyevunyevu, betri za kawaida za kujaribia saa na redio, na sumaku. Sumaku ni ya thamani kuliko inavyoonekana. Dhahabu, fedha, shaba na alumini havivutwi nayo, basi kinara cha "shaba" kikiing'ang'ania sumaku, ndani ni chuma kilichovikwa rangi ya shaba. Usigeuze hesabu hiyo, lakini: kitu kisichovutwa hakijathibitika kuwa dhahabu. Kimethibitika tu kuwa si chuma cha kawaida.

Kitambaa cheupe ni cha kupangusia. Kikija na rangi, nguo au ngozi hiyo itachujua rangi hadi kwenye nguo zako. Kikija na unga mweusi wenye harufu ya chumba kilichofungwa, umekutana na kuvu.

Hatua ya 3: Pita mara mbili

Mara ya kwanza tembea haraka na usishike kitu. Macho yatafute malighafi, yaache vitu: sufu, kitani, ngozi, mbao nzito, chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), kioo kinene. Mara ya pili rudi polepole, na sasa mikono iongoze. Kwenye nguo zilizotundikwa, pitisha vidole kwenye mikono ya mashati bila kuangalia rangi. Jicho hudanganywa na maua na chapa. Kidole hakidanganyiki upesi, kwani hariri, sufu na pamba nzito hujitambulisha vyenyewe katikati ya poliesta.

Ukiwahi, utachagua. Ukichelewa, utapunguziwa. Vyote viwili kwa siku moja ni vigumu kuvipata, basi amua mapema umekwenda kwa lipi. Na zungumza na muuzaji hata siku ambayo hununui. Anayejua kwamba unatafuta vyombo vya chuma cha kusubu atakuwekea pembeni kikaango kabla hakijashikwa na mtu mwingine. Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayepita mara kwa mara, hata kwa dakika chache, huokota kuliko anayekesha siku moja kwa mwaka.

Hatua ya 4: Kikague kama mtu asiyekitaka

Hatua hii ndiyo nzito, maana ukishakipenda kitu macho yako hayakufai tena. Kishike kwa nia ya kutafuta sababu ya kukirudisha.

Nguo. Ipeleke kwenye mwanga na uitazame kwa upande wa ndani. Matobo madogo ya nondo huonekana hapo tu. Viwavi wa nondo hula sufu, hariri, manyoya na nywele. Pamba safi na poliesta hawana haja navyo, ila vikiwa na jasho au mabaki ya chakula. Baada ya hapo angalia kwapa, kola, pindo na mshono wa kati wa suruali. Madoa ya njano ya kwapani mara nyingi ni jasho lililokutana na alumini iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho, na jiki huyazidisha badala ya kuyaondoa. Panda na kushuka na zipu hadi mwisho. Vuta mpira wa kiuno: uliokufa unabadilishwa na fundi kwa muda mfupi, lakini ukosi wa sweta uliolegea haurudi.

Halafu tazama ushonaji. Mistari au maua yakikutana sawasawa kwenye mfuko na mshono wa ubavuni, aliyekata alitumia kitambaa kingi zaidi kwa makusudi, na mtu wa namna hiyo huwa hakubania kwingine. Kitambaa cha akiba kilichoachwa ndani ya mshono kinakupa nafasi ya kuipanua nguo. Kifungo kukosekana si kasoro. Zipu mbovu ni kazi ya fundi, iingize kwenye hesabu. Lakini kitambaa kinachopasuka chenyewe pembeni mwa mshono kimechoka, na kiraka hakikisaidii.

Kama lebo imekatwa na ungependa kujua umenunua nini, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, ushike kwa kibano juu ya sinki, uuchome. Pamba na kitani hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na moto huzimika upesi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mbao. Geuza kiti miguu juu. Vuta mtoto wa meza hadi atoke kabisa, kwa sababu mafundi wazuri na wabaya wote hupamba mbele. Ukweli uko nyuma na chini. Ukiona meno ya mbao yaliyoumana pembeni badala ya misumari au gundi tupu, mtoto huyo alitengenezwa adumu. Meno yasiyolingana sana huashiria mkono wa mtu, yaliyolingana kabisa huashiria mashine, na yote mawili hushika. Kujua kama ni mbao tupu, fuata mistari yake kutoka juu ya meza hadi ukingoni: kwenye mbao halisi mstari hukunja kona na kuendelea au kuishia kwenye duara za ukuaji wa mti, ilhali kwenye ganda jembamba lililobandikwa mistari hukatika ghafla. Ganda si dhambi. Kuna samani za zamani zilizovikwa ganda kwa ustadi mkubwa. Ninachokukataza bila huruma ni chipubodi, ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, iliyokunywa maji ikavimba, kwa kuwa haikauki ikarudi ilivyokuwa.

Vijitundu vya duara vya milimita 1 hadi 2 ni njia walizotokea bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Tundu peke yake ni historia. Tundu lenye unga mweupe, laini, uliomwagika karibuni ni wapangaji waliomo bado, na watahamia kwenye samani zako nyingine.

Kiti kinachoyumba usikikimbie kabla hujajua kwa nini kinayumba. Mwaka 1859 fundi wa samani Michael Thonet alitoa kiti chake namba 14, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, chenye vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa na kufungwa huko viendako. Viti vya mtindo huo vimenakiliwa dunia nzima na bado vinaonekana kwenye mirundo ya mitumba, vimelegea, vinauzwa kama vibovu. Vingi vinahitaji bisibisi tu.

Vyombo vya kauri na kioo. Kiegemeze chombo kwenye ncha za vidole, ukigonge taratibu kwa kucha. Kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti ya kukwama, hata kama ufa hauonekani. Pitisha kidole kwenye ukingo wote, kisha kimulike kwa tochi kutoka ndani. Mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele juu ya rangi ya kung'aa unaweza kupendeza kwa macho, ila hunyonya unyevu na mafuta. Chombo hicho kiwe cha maua au cha vifungo.

Sahani na mabakuli ya zamani yenye rangi kali upande unaogusa chakula huweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu, na vitu vichachu huzitoa rangini. Usile humo kama hujui asili yake. Weka funguo, weka hereni.

Ukitaka kukisia umri, geuza chini. Tangu mwaka 1891 sheria ya forodha ya Marekani ilidai bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe jina la nchi zilikotoka, basi chombo kilichoandikwa "England" kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Kisichoandikwa nchi huenda ni cha zamani zaidi, au hakikukusudiwa kuuzwa huko. Usimruhusu muuzaji akuuzie miaka kwa alama moja.

Madini. Fedha ya viwango mara nyingi hugongwa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Herufi EPNS kwenye vijiko na birika humaanisha aloi iliyopakwa fedha kwa umeme, vitu vizuri vya kutumia mezani lakini si vya kulipia bei ya fedha. Dhahabu mara nyingi hugongwa 375, 585 au 750, kwa hesabu hiyohiyo. Kikaango cha chuma cha kusubu kilichojaa kutu ni furaha, nitakieleza mbele. Kikaango cha kutonata kilichochubuka kiache hapohapo.

Vitabu. Namba za utambulisho za vitabu, ISBN, zilianza kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970 zikiwa na tarakimu 10, na tangu 2007 zina tarakimu 13. Kitabu kisicho nayo kabisa huenda ni cha kabla ya hapo. Ukurasa wa hakimiliki ukiwa na msururu wa namba, ndogo kuliko zote ndiyo inayotaja chapa uliyoshika. Kitikise pia kwa upole, maana watu huacha tiketi, barua na majani makavu humo. Kwa picha zenye fremu, tazama nyuma. Mwaka 1989 huko Pennsylvania, Marekani, mtu alinunua picha kuukuu kwa sababu ya fremu yake, na alipoifungua akakuta nakala ya Tamko la Uhuru iliyochapwa mwaka 1776. Kisa hicho kimewafanya watu wengi wanunue picha mbaya. Nunua fremu unayoitaka.

Santuri. Zitazame kwa mwanga wa pembeni. Mikwaruzo unayoiona bila kuisikia kwa ukucha huenda isisumbue sana. Ile inayoukwamisha ukucha itaifanya sindano iruke. Santuri ndefu za vinili za mizunguko 33⅓ zilianza mwaka 1948. Zile za mizunguko 78 zilizotangulia kwa kawaida ni za shelaki, huvunjika zikianguka, na zikisafishwa kwa spiriti huyeyuka. Maji kidogo na sabuni laini, basi.

Vya umeme. Viwashe palepale. Soma kibati cha nyuma: kifaa cha volti 110 ukikichomeka kwenye 230 umekiua. Waya uliopasuka ganda, plagi iliyobadilika rangi kwa joto au harufu ya kuungua ni sababu tosha za kuondoka. Na tanuri la mikrowevu lililoharibika usilifungue kamwe nyumbani, maana ndani yake kuna kapasita inayoweza kushika umeme wa kuua hata likiwa limechomolewa.

Kuna vitu ambavyo mimi sinunui vilivyotumika hata viwe vipya machoni. Kofia ya pikipiki au ya baiskeli na kiti cha mtoto cha gari hufanya kazi yao mara moja. Vikishapata ajali haviwezi kuaminiwa tena, na ajali hiyo haionekani. Vitanda vya watoto wachanga vyenye ubavu unaoshushwa vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto. Vitu vya kale vya kuchezea watoto vilivyopakwa rangi huweza kuwa na risasi. Na godoro ambalo hujui limelaliwa na nani, liache na siri zake.

Hatua ya 5: Bei

Fupi hii. Jumlisha bei anayotaja, fundi, vipuri na usafiri, halafu uulize kama jumla hiyo inakufurahisha. Onyesha kasoro kwa adabu bila kuidharau bidhaa ya mtu, uliza mwisho wake, na ukishataja bei yako akaikubali, lipa. Kugeuka baada ya kukubaliwa ni utovu wa heshima, na atakukumbuka. Anayekusifia kitu kupita kiasi msikilize kwa sikio moja; kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatua ya 6: Karantini

Mzigo usipite moja kwa moja hadi kitandani wala kwenye kochi. Uufungie kwenye mifuko hadi upate nafasi ya kuushughulikia, kisha fungua kila kitu mahali penye sakafu tupu na mwanga.

Adui mkubwa ni kunguni. Tafuta nukta nyeusi, magamba ya rangi ya kahawia na wadudu wenyewe kwenye mishono ya viti, matundu ya skrubu, nyuma ya fremu na viungo vya vitanda. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukiweka kitu stoo wiki mbili hakumuui. Joto humuua: nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, au zikaushwe kwenye mashine yenye joto kali. Zisizostahimili, kama sufu, zifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 kamili. Baridi hiyo huua pia viwavi vya nondo. Kwa samani iliyojaa kunguni sina hila ya kukupa zaidi ya kutoinunua.

Hatua ya 7: Safisha kwa kuanzia na kilicho laini

Kanuni ni moja: anza na njia dhaifu kuliko zote, subiri, ndipo upande. Kitambaa kikavu, kisha maji, kisha sabuni laini. Wengi huanza na msasa na jiki, na vitu vilivyodumu miaka mingi huharibiwa kwa jioni moja. Jiki isichanganywe na siki wala amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Siki isiguse marumaru, itaila.

Mbao ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, ikauke, halafu ipakwe nta kidogo. Mara nyingi hapo ndipo inapogundulika kwamba haikuhitaji vanishi mpya. Kama ina rangi ya zamani sana na unadhani ina risasi, usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Vumbi lake ndilo hatari, hasa kwa watoto. Shaba nayo ifikirie kabla ya kuing'arisha. Rangi iliyokolea kwa miaka mingi ni uzuri ambao hauwezi kununuliwa, na ukishaifuta utaingoja upya. Sarafu za kale usizing'arishe kabisa.

Sufu hutaka maji yasiyo ya moto na sabuni laini. Usiikamue kwa kuisokota: izungushie taulo, ikandamize, kisha itandaze chali ikauke katika umbo lake.

Kitabu chenye harufu ya kufungiwa kiweke wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, ndani ya sanduku lenye mfuniko pamoja na kibakuli cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia unga. Kibakuli kisimguse mgonjwa wako, yaani kitabu. Siku kadhaa zitapita kabla harufu haijapungua, na huenda isiishe yote.

Sasa kile kikaango chenye kutu. Kisugue kwa pamba ya chuma na maji ya sabuni hadi kutu yote iondoke na chuma cha kijivu kitokee. Kikaushe papo hapo juu ya moto mdogo, maana dakika chache za unyevu zinatosha kuleta kutu mpya. Kikiwa bado na joto, kipake mafuta ya kupikia kote, ndani, nje na kwenye mpini, kisha ukifute kana kwamba umejutia kuyapaka. Mafuta yakibaki mengi yatanata. Kigeuze kifudifudi ndani ya tanuri la nyuzi kama 230 kwa saa moja, ukiache kipoe humohumo. Rudia mara mbili au tatu. Mafuta hugeuka kuwa utando mgumu, mweusi, unaozuia kutu na kunata. Kuanzia hapo kila upishi unakiboresha, na ndiyo maana kikaango cha miaka mingi hukishinda kipya.

Hatua ya 8: Tengeneza, lakini kipe tarehe

Kila nyumba ya msakaji ina rundo la "nitakuja kukitengeneza". Rundo hilo likikua, raha inageuka kuwa deni. Kila kinachohitaji kazi kiandikie tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukibandike juu yake. Tarehe ikipita, kipeleke kwa fundi au mpe mtu mwenye muda.

Kazi ambayo kila mtu anaweza kujifunza ni kugundisha kiti kilichoachia. Achanisha viungo vilivyolegea na ukwangue gundi yote ya zamani, kwani gundi mpya ya mbao inahitaji kuingia kwenye mbao yenyewe. Juu ya gundi kavu haishiki. Paka, unganisha, kisha zungushia kamba miguu yote minne mara mbili. Ingiza kijiti kati ya kamba na ukisokote hadi viungo vikazike. Hakikisha kiti kimesimama kwenye sakafu sawa kabla gundi haijashika, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa cha maji, ukiache hadi kesho yake. Hakuna haja ya vibano vya fundi.

Hatua ya 9: Kitumie

Kitu kizuri kilichofungiwa kabatini kingoje wageni ni kama kimebaki sokoni. Vikombe visivyofanana vipange pamoja, na baada ya muda mfupi utaona kila mtu nyumbani ameshajichagulia chake. Shuka la kitani lililolainika kwa kufuliwa na watu wengine lilaliwe. Sanduku la safari likae mguuni mwa kitanda na ile nguo isiyo chafu wala safi ipate pake.

Usikipe kitu mahali pa kudumu siku ya kwanza. Kiweke unapodhani panafaa, ukione kinavyotumika, ukihamishe. Kigoda kilichonunuliwa kwa ajili ya bafu mara nyingi huishia jikoni, na jikoni huwa ndipo kilipohitajika. Kitu ambacho majira mazima yamepita bila kuguswa kiondoke, hata kama kilipatikana kwa bei ambayo bado unawasimulia watu.

Kabla ya kubadilisha cha zamani kwa kilichoingia leo, viweke pamoja siku chache. Kipya kinyemi, na hata kilichotumika huwa kipya kwako siku ya kwanza. Wahenga walitahadharisha, usiache mbachao kwa msala upitao. Mara kadhaa utakuta sufuria uliyokuwa unataka kuiondoa ndiyo nzito, ndiyo inayopika vizuri, na iliyoingia ndiyo inayopaswa kuuzwa tena.

Mwisho, chini ya kila samani andika kwa penseli ilipopatikana, mwaka, na kilichofanyiwa: gundi gani, nta gani, skrubu ipi ilibadilishwa. Siku utakapoiuza au kuigawa, atakayeipokea hatalazimika kubahatisha. Na kama ina ufunguo wa ziada, kifungo cha akiba au kipuri ulichokitafuta kwa shida, kitie kwenye bahasha na uigandishe chini ya mtoto wa meza kabla haijatoka mlangoni.